“Ulikuwa Wapi?”: Nafsi, Njeo na Kumbukumbu za Misiba ya Kitaifa Tanzania, 1984–1999

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali “Ulikuwa wapi?” kama kichocheo cha usimulizi wa misiba mitatu ya kitaifa nchini Tanzania: kifo cha Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine (12 Aprili 1984), kuzama kwa meli ya MV Bukoba (21 Mei 1996) na kifo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (14 Oktoba 1999). Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya aina hii ni ushahidi wa namna habari ya msiba ilivyomfikia msimulizi kabla hayajawa ushahidi wa msiba wenyewe, na kwamba njia hiyo ya habari huacha alama katika sarufi ya usimulizi, hususan katika uteuzi wa nafsi na njeo. Makala yanahitimisha kwamba kwa msiba wa MV Bukoba swali lililozoeleka halitoshi, kwa kuwa kumbukumbu za jamaa ndizo zilizobeba kazi ambayo ilipaswa kufanywa na orodha ya abiria.

1.0 Utangulizi

Watanzania wa rika moja wanapozungumzia msiba uliowahi kulikumba taifa, aghalabu mazungumzo hayaanzi na sababu za msiba huo wala athari zake. Huanza na mahali. Mmoja hueleza kwamba alikuwa shambani, mwingine darasani, mwingine ndani ya basi. Kisha kila mmoja hutaja nani aliyemletea habari na watu waliokuwapo walifanya nini. Masimulizi haya ni mafupi, yana muundo unaotabirika, na msimulizi huyatoa kwa uhakika mkubwa. Kwa sababu hizo yanastahili kuchunguzwa kama utanzu mdogo wa fasihi simulizi, na si kama porojo za kupitisha wakati.

Wanasaikolojia walianza kuyatilia maanani mapema. Mwaka 1977, Roger Brown na James Kulik walizifananisha kumbukumbu hizi na picha iliyopigwa kwa mmweko wa taa ya kamera: tukio la kushtua huangaza kila kilichokuwa karibu, nacho hubaki akilini. Walibaini kwamba wasimulizi hurudia vipengele vilevile: mahali, shughuli iliyokuwa ikiendelea, mleta habari, hisia za msimulizi na za wenzake, na kilichofuata. Jambo la pili walilolibaini halitajwi mara nyingi, ingawa lina uzito kwa mwanahistoria. Wamarekani weusi walikuwa na kumbukumbu za namna hii kuhusu vifo vya Malcolm X na Martin Luther King kwa kiwango kilichowazidi sana Wamarekani weupe. Kwa hiyo, msiba hauwi wa kitaifa kwa kutangazwa tu. Kumbukumbu hutuonyesha ulikuwa msiba wa nani.

Uhakika wa wasimulizi, hata hivyo, si kipimo cha usahihi. Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwahoji wanafunzi siku moja baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka mwezi Januari 1986, wakawahoji tena miaka kama miwili na nusu baadaye. Wengi walitoa maelezo yaliyopingana na yale waliyoyaandika wenyewe, na baadhi yao walishikilia maelezo mapya bila shaka yoyote. Alessandro Portelli naye alionyesha kwamba wafanyakazi wa Terni, Italia, walikihamisha kifo cha mwenzao Luigi Trastulli kutoka mwaka 1949, alipouawa, hadi mwaka 1953, wakati wa mapambano dhidi ya kupunguzwa kazini. Portelli hakulitupa kosa hilo. Alilisoma kama habari: lilimweleza wafanyakazi wale walikipa kifo kile maana gani. Mkabala huo ndio unaoongoza makala haya, ila hapa macho yanaelekezwa kwenye sarufi. Mifano ya sentensi inayotolewa imetungwa ili kuonyesha miundo. Haikunukuliwa kutoka kwa msimulizi yeyote.

2.0 Nafsi ya Kwanza Umoja: Aprili 1984

Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, alipokuwa akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45, na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu kutokana na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Jioni ya siku hiyohiyo Rais Nyerere alilitangazia taifa kifo hicho redioni kwa sauti yake mwenyewe.

Mazingira ya upashanaji habari ya wakati huo yana umuhimu wa pekee. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na kituo cha redio cha nchini kilikuwa kimoja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Habari ilitoka mahali pamoja, kwa wakati mmoja, tena bila kutarajiwa. Aliyekuwa karibu na redio aliisikia moja kwa moja. Asiyekuwa nayo aliletewa na jirani. Mazingira hayo huzaa usimulizi wa namna hii:

(1) Nilikuwa napalilia mahindi, mara mtoto wa jirani akaja mbio, akasema tufungue redio, ndipo tukasikia.

Muundo wa mfano huu una sehemu tatu. Kwanza kuna usuli, unaojengwa kwa kitenzi “kuwa” katika wakati uliopita kikifuatwa na kitenzi chenye hali ya kuendelea: “nilikuwa napalilia”. Pili kuna mkato, unaobebwa na kielezi “mara”. Tatu kuna mfululizo wa vitenzi vyenye kiambishi -ka-, unaofikia kilele kwenye “ndipo”. Shughuli ya usuli haina uhusiano wowote na msiba. Kupalilia hakukusababisha ajali wala hakukuizuia. Na kwa kuwa haina uhusiano, inafaa kwa kazi yake: inaonyesha kwamba siku ilikuwa ya kawaida hadi ilipokatwa. Msimulizi naye husimama katikati ya simulizi. Marehemu hatajwi, wala hakuna haja ya kumtaja, maana kila msikilizaji anajua kilichosikika redioni.

3.0 Nafsi ya Kwanza Wingi: Oktoba 1999

Kifo cha Mwalimu kilifuata mkondo mwingine, hivyo tunakitangulizia hapa ingawa kilitokea baada ya kuzama kwa MV Bukoba. Mwalimu alifariki London, katika Hospitali ya St Thomas’, baada ya kuugua kansa ya damu. Wananchi walikuwa wamekwisha kujua kwamba ni mgonjwa mahututi. Rais Benjamin Mkapa alipotangaza kifo hicho siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba, alithibitisha jambo lililokuwa likihofiwa. Vyombo vya habari navyo vilikuwa vimeongezeka: vituo binafsi vya redio na televisheni vilikuwa vikirusha matangazo Bara tangu katikati ya miaka ya 1990. Zaidi ya hayo, msiba ulikuwa na ratiba ndefu ya hadhara. Mwili uliwasili Dar es Salaam, watu wakauaga, hatimaye ukazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Katika hali hiyo mkato wa ghafla hupungua nguvu, na nafsi hubadilika:

(2) Tulikuwa tunasubiri. Kila tukifungua redio tulikuwa tunaogopa. Siku ile ilipotangazwa, tulikuwa tumekwisha kujua mioyoni.

Hapa “tu-” imeshika nafasi ya “ni-”. Kiambishi -ki- katika “kila tukifungua” kinaleta dhana ya ujirudiaji, na hali timilifu ya “tumekwisha kujua” inautanguliza ujuzi mbele ya tangazo. Swali “Ulikuwa wapi?” likiulizwa kuhusu Oktoba 1999 linaweza kujibiwa kwa siku ya tangazo, kwa siku ya kuuaga mwili, au kwa siku ya mazishi, na jibu lolote kati ya hayo litakubalika. Tarehe 14 Oktoba sasa ni sikukuu ya kitaifa, na kila mwaka vyombo vya habari huwarudisha watu kwenye swali hilo. Kumbukumbu inayorudiwa hadharani huazima maneno ya hadhara. Ndiyo sababu mtafiti anayekusanya masimulizi haya hana budi kutenganisha alichokiona msimulizi mwaka 1999 na alichokisikia katika maadhimisho ya miaka iliyofuata.

4.0 Nafsi ya Tatu: Mei 1996

MV Bukoba iliondoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikielekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, ikaelea juu chini kwa muda, kisha ikazama. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na majina 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Miili mingi haikutambuliwa na jamaa. Baadhi ya waliofariki walizikwa Igoma, Mwanza, na hesabu zinazotajwa hadi leo zinatofautiana kwa mamia.

Msiba huu nao ulitangazwa redioni, nalo taifa likaomboleza. Hata hivyo, kwa familia za Kagera na Mwanza tangazo lilikuwa mwanzo wa habari. Redio iliweza kusema kwamba meli imezama. Haikuweza kusema nani alikuwamo. Simu za mkononi zilikuwa za watu wachache mno. Mtu aliyejua kwamba ndugu yake alikuwa na nia ya kusafiri wiki ile alilazimika kuuliza bandarini, kwa jirani, kwa mwenyeji aliyemtarajia upande wa pili wa ziwa. Swali “Ulikuwa wapi?” liligeuka kuwa “Alikuwa wapi?”:

(3) Alikuwa asafiri Jumatano. Sijui kwa nini aliondoka Jumatatu. Angalisubiri siku mbili, tungalikuwa naye.

Tofauti na mfano wa (1) ni kubwa. Hakuna “mara” wala “ndipo”, kwa sababu hakuna saa moja ambayo habari ilikamilika. Msimulizi amejiondoa katikati na kumpisha anayetafutwa. Dhamira tegemezi katika “alikuwa asafiri” inaeleza mpango ambao haukufuatwa, na kiambishi -ngali- kinaeleza sharti ambalo haliwezi tena kutimizwa. Katika masimulizi ya kifo cha kiongozi, usuli hauna uhusiano na msiba. Katika masimulizi haya usuli ndio msiba: siku ya safari, tiketi ya daraja gani, mzigo gani, nani alimsindikiza. Kila kipengele kidogo ni hoja ya kuthibitisha kwamba alikuwamo au hakuwamo.

Kwa abiria asiye na jina katika orodha, kumbukumbu ya aliyemsindikiza ndiyo hati pekee ya safari yake. Hapo ndipo udhaifu wa kumbukumbu, waliouonyesha Neisser na Harsch, unapopata uzito mwingine. Anayekosea kuhusu mahali aliposikia habari za Sokoine hapotezi kitu katika historia ya Sokoine. Anayekosea kuhusu siku ambayo ndugu yake alipanda meli anaweza kumwongeza au kumwondoa mtu katika idadi ya waliokufa.

5.0 “Wapi” Katika Fasihi

Badiliko hili la nafsi lina mizizi katika ushairi wa Kiswahili. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, maangamizi ya Pate yanaelezwa kwa kuuliza waliko wakuu waliokaa katika majumba yale. Kiulizi “wapi” kinaelekezwa kwa wafu, na mtu anayeulizwa, ambaye ni moyo wa mshairi, anatakiwa azinduke. Swali la kisasa, “Ulikuwa wapi?”, limekipindua kiulizi hicho: kinaelekezwa kwa aliye hai, nacho kinampa nafasi ya kujihesabu kuwa mmoja wa taifa lililofiwa. Simulizi za MV Bukoba zimekirudisha “wapi” kwa wafu. Tofauti ni kwamba katika Al-Inkishafi jibu linajulikana na ndilo linaloleta mazingatio, ilhali kwa jamaa wa daraja la tatu swali lilikuwa la kweli na lilidai jibu.

6.0 Hitimisho

Mielekeo iliyojadiliwa si kanuni zisizovunjwa. Wapo waliomlilia Mwalimu kwa “ni-”, na wapo walioisikia habari ya meli kama tangazo tu kwa kuwa hawakuwa na mtu ziwani. Hali hiyo inaithibitisha hoja: nafsi na njeo hufuata umbali wa msimulizi na njia iliyomletea habari, wala hazifuati ukubwa wa msiba.

Kutokana na hoja hii, mtafiti anayekwenda Kagera au Mwanza na swali “Ulikuwa wapi?” atapata majibu ya redio. Akiuliza “Alikuwa asafiri lini?” na “Nani alimsindikiza?” atapata majibu ya bandari, na ndiyo yanayohitajika. Aidha, inafaa aulize kwa lugha ambayo familia iliutumia kutafuta na kuomboleza, iwe Kihaya, Kisukuma au nyingine, kisha achunguze miundo iliyojadiliwa hapa inatafsirika vipi. Waliowasindikiza abiria wale wakiwa watu wazima sasa wanazeeka. Orodha ya daraja la tatu haikuandikwa mwaka 1996. Sehemu yake iliyobaki imo katika sentensi zao, na inaweza kuandikwa maadamu wapo wa kuzisema.