Kodi ya Kichwa na Kura ya Maskini

Wazee wetu waliokuja Marekani kutoka Afrika Mashariki waijua vema kodi ya kichwa. Aliyekutwa na askari hana stakabadhi aliiona taabu. Na kulipa hakukumpa mtu kura: hata Tanganyika ilipoanza uchaguzi mwaka 1958, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kazi ya cheo fulani, au pato la pauni 150 kwa mwaka. Vijana waliozaliwa huku yafaa wajue kwamba Weusi wa kusini mwa nchi hii nao walikuwa na kodi ya kichwa yao, na hiyo ndiyo iliyowafungia kura.

Tangu 1870 Katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Basi Mississippi, mwaka 1890, ikatunga katiba ambayo katika sharti hili haikutaja rangi. Mpiga kura alipe dola 2 kwa mwaka, awe amelipa ya miaka 2, tena kabla ya Februari, na uchaguzi ni Novemba! Mkulima wa pamba aliyegawana mavuno na mwenye shamba, na deni lake limo katika daftari la duka la bwana huyo huyo, fedha taslimu aipate wapi? Alabama iliruhusu deni lilimbikizwe mpaka dola 36. Wazungu maskini nao walikwama, jambo ambalo watungaji hawakulisikitikia sana. Huko Louisiana, kwa kodi, mitihani na hila nyingine, Weusi walioandikishwa walishuka kutoka 130,334 mwaka 1896 hadi 1,342 mwaka 1904.

Bibi Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba Mississippi, alikwenda kujiandikisha mwaka 1962. Siku ile ile akafukuzwa shambani. Januari 1963 akafaulu mtihani. Alipotaka kupiga kura akaambiwa alete stakabadhi 2 za kodi.

Kodi hiyo iliondolewa katika uchaguzi wa taifa mwaka 1964, na katika wa majimbo mwaka 1966, kwa kesi ya Bibi Annie Harper wa Virginia.

Mwaka 2018 wananchi wa Florida waliamua wengi wa waliomaliza vifungo warudishiwe kura. Mwaka 2019 bunge la jimbo likasema: walipe kwanza faini na ada za mahakama. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ikalikubali sharti hilo.