Majina ubaoni, na wale 57 wa Kwihara

Mliouliza kimya changu, ni matesti tu yalinibana.

Jana kocha wa timu yetu ya magongo kabandika majina ya msimu mpya. Mwenzangu wa rumu kahudhuria mazoezi yote, jina hamna. Mimi ni mshabiki tu, gongo (la mchezo jamani, siyo lile lingine!) silijui hata kulishika. Lakini tumebishana mpaka saa saba usiku: hivi kocha anaangalia nini? Mbio? Nguvu? Au mtu anayekuja hata siku ya mvua?

Nikamwambia sisi watu wa Tabora swali hilo tunalo tangu 1872.

Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe alilokaa Livingstone. Stanley alimwacha hapo tarehe 14 Machi 1872, akashuka pwani kumtafutia watu. Mzee kasubiri miezi mitano. Tarehe 14 Agosti wakaingia 57, chini ya Manwa Sera, baadhi walishatembea na Stanley mwenyewe. Huo ndio usajili! Wa zamani walibaki watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner. Wengine aliotoka nao pwani mwaka 1866 walishatoroka, kufukuzwa au kufa.

Wakaondoka tarehe 25 Agosti. Mei 1873 mzee akafia kwa Chitambo, Zambia ya leo. Mwajiri hayupo tena, nani angewalaumu wangezika na kutawanyika? Wao walizika moyo na viungo vingine vya ndani tu. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba. Oktoba wakafika Tabora, wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Waliokuwa mbele ni Susi na Chuma, wa kikosi cha zamani. Ila tusiwasahau wapya, nao walibeba. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliotumwa na Stanley, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti.

Sasa sikieni hili. Pwani ikapangwa orodha nyingine, ya nani asindikize jeneza hadi London. Kati yao akaenda Jacob peke yake. Mazishi yakawa tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limeshafungwa.

Hapo ndipo roho inaniuma. Waliochaguliwa Agosti hawakukosewa, walifanya kazi. Aliyekosea ni aliyepanga orodha ya mwisho bila kuuliza nani alikuwepo njia nzima. Na mimi nikishika chaki nitakuwa nabandika majina ya watoto wa watu: timu, viranja, kwaya. Nitauliza kweli, au nitaandika wale ninaowaona mbele?

Mwenzangu leo alfajiri kachukua gongo lake, kaenda mazoezini. Sikumsemesha.

Wadau mnasemaje? Tukutane kantini.