Risasi za shotigani kwa kuwinda swala: Mtutu ndio unaoamua

WAMILIKI wengi wa shotigani hununua risasi kwa kuangalia mambo mawili tu: bei yake, na kama inaingia kwenye chemba. Kwa anayewinda kanga au kwale, mazoea hayo hayana madhara makubwa. Kwa anayekusudia swala, yanaweza kumaanisha mnyama aliyejeruhiwa ambaye atakwenda kufia kichakani bila kuonekana, au risasi itakayovuka tambarare na kuishia kwenye boma la mtu.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika maeneo kama Getanuwas, kwenye ukanda wa Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Huko mbuga za wazi, mashamba, njia za mifugo na makazi yaliyotawanyika vinapakana, na mchungaji anaweza kuwa nyuma ya kichaka chochote.

Kabla ya kuzungumzia risasi, ipo sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, na leseni hutaja mnyama, idadi na eneo. Umiliki wa silaha yenyewe unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Namba 2 ya mwaka 2015. Aidha, kanuni za uwindaji huweka ukubwa wa chini wa silaha kwa wanyama mbalimbali. Kwa tembo na nyati, kwa mfano, haikubaliki bunduki iliyo chini ya.375. Mwenye shotigani hana budi kupata uhakika kutoka kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, kabla ya kulipia leseni, kwamba silaha yake inaruhusiwa kwa mnyama anayemkusudia. Jibu la rafiki aliyewinda mwaka jana si kibali.

Shotigani ilibuniwa kurusha marisaa, yaani vijipira vingi vinavyotawanyika baada ya kutoka mtutuni. Ndani yake mtutu huo ni laini kama bomba. Raifo, kwa upande wake, ina mitaro iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu. Mitaro hiyo huizungusha risasi, na risasi inayozunguka hushika njia yake kwa sababu ile ile inayoifanya pia ya watoto isimame wima.

Kati ya silaha hizo mbili kuna ya tatu isiyojulikana sana hapa nchini: shotigani yenye mtutu wa mitaro. Hiyo hutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kurusha risasi ya bonge moja zito, ambayo wauza bunduki huiita slagi.

Ukubwa wa shotigani huhesabiwa kwa geji, na hesabu yake huwachanganya wanunuzi. Geji 12 ina maana kwamba vipira 12 vya madini ya risasi vinavyolingana na tundu la mtutu vina uzito wa ratili moja, yaani gramu 453. Ndiyo maana namba inavyokuwa kubwa tundu huwa dogo: geji 12 ina kipenyo cha takriban milimita 18.5, na geji 20 ni milimita 15.6.

Slagi zenyewe ni za aina kuu tatu. Ya kwanza ilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Brenneke mwaka 1898. Ni bonge gumu la risasi lililofungiwa kizibo mkiani, na kizibo hicho huendelea kushikamana nalo hewani na kulinyoosha kama manyoya yanavyonyoosha mshale. Ya pili ni ya Mmarekani Karl Foster, ya mwaka 1931. Hiyo ina uvungu nyuma, hivyo uzito wake uko mbele na huruka pua ikitangulia. Zote mbili ziliundwa kwa ajili ya mtutu laini.

Wengi wakiona mistari iliyochongwa ubavuni mwa slagi hizo hudhani kwamba ndiyo inayoizungusha. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuiwezesha slagi kubanwa na kupita kwa usalama pale mtutu unapokuwa umebana mdomoni.

Aina ya tatu ni saboti. Ndani yake mna risasi nyembamba kuliko tundu la mtutu, mara nyingi yenye kipenyo cha karibu milimita 12.7, iliyovikwa vazi la plastiki. Plastiki hiyo huuma mitaro ya mtutu, ikazunguka pamoja na risasi, kisha ikaachana nayo mara baada ya kutoka.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Saboti ndiyo ya bei kubwa zaidi dukani, na mnunuzi huamini kwamba ubora umo ndani ya bei. Ikipigwa kwenye mtutu laini haizungushwi na chochote. Huanza kuyumba na hata kupinduka hewani, na kwa umbali wa mita 50 inaweza kulikosa kabisa shabaha. Risasi nafuu ya Foster ingefanya kazi vizuri zaidi katika bunduki hiyo hiyo.

Kosa la upande wa pili si baya kiasi hicho, lakini lina gharama yake. Foster inaweza kupigwa kwenye mtutu wa mitaro, ila madini yake laini hujaza mitaro hiyo, na baada ya mipigo michache shabaha huanza kuharibika. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si "ipi bora?" bali "mtutu wangu ni wa namna gani?" Jibu hupatikana kwa kuhakikisha bunduki haina risasi, kuifungua na kuchungulia mtutu dhidi ya mwanga: mitaro ikiwepo itaonekana.

Mwenye mtutu laini aangalie pia mdomo wake. Mitutu mingine imebana kwenye ncha ili kuyakusanya marisaa. Kwa slagi, mtutu usiobana au uliobana kidogo ndio unaofaa. Ule uliobana sana hauna faida yoyote, na ni busara kuuepuka.

Urefu wa risasi nao si jambo la kukisia. Chemba nyingi za geji 12 ni za milimita 70 au 76, lakini bunduki za zamani za Kiingereza, zile zinazorithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, huwa na chemba fupi za milimita 65. Risasi ndefu inaweza kuingia bila shida katika chemba fupi kwa sababu ganda lake limekunjwa mdomoni. Linapofunguka wakati wa mlipuko hukosa nafasi, na msukumo wa gesi hupanda kupita kiasi. Kipimo sahihi huandikwa kwenye mtutu. Kama kimefutika, fundi bunduki mwenye leseni ndiye wa kuulizwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya geji. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mwindaji akidhani hakuna kitu, akapakia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzipa risasi za geji 20 rangi ya njano.

Yapo pia marisaa makubwa, ambayo wengine huyapendelea kwa kuwa "hayakosi". Risasi ya kawaida ya geji 12 yenye marisaa ya milimita 8.4 huwa na tisa tu. Zaidi ya mita 30 hivi, marisaa hayo huwa yamekwishaachana. Moja hupiga tumbo, jingine mguu, na mnyama akakimbia nayo. Kwa swala, slagi moja iliyolengwa vyema ni ya huruma zaidi. Gobore lililoshindiliwa vipande vya nondo halistahili hata kulinganishwa.

Swala pala dume ana uzito wa kati ya kilo 50 na 75, na swala tomi hazidi sana kilo 30. Slagi ya kawaida ya geji 12 ina takriban gramu 28 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 480 kwa sekunde. Hiyo ni nguvu ya kutosha na kubaki kwa mnyama wa kimo hicho, hivyo hakuna haja ya kutafuta risasi yenye teke kubwa zaidi begani. Tatizo la slagi ni umbali.

Kwa kuwa ni butu na nzito, hewa huipunguza kasi haraka. Slagi ya Foster ikifika mita 100 huwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyotoka nayo, na kama bunduki ilisawazishwa kwa mita 50, huwa imeshuka kwa takriban sentimita 15. Kwa mtutu laini wenye shanga ya kulengea tu, mita 50 ndio mpaka wa mtu mwenye kiasi. Mtutu wa mitaro wenye darubini na saboti iliyojaribiwa unaweza kufika mita 100 na kitu. Zaidi ya hapo ni kazi ya raifo.

Mbuga za Hanang humshawishi mtu apige mbali, maana swala huonekana toka mbali. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, huwinda kwa upinde na mshale, na umahiri wao uko katika kunyemelea. Mwenye shotigani naye ni mwindaji wa karibu, apende asipende.

Nchini Marekani, majimbo kadhaa yenye mashamba tambarare na watu wengi, kama Illinois na Ohio, kwa miaka mingi yaliwazuia wawindaji wa kulungu kutumia raifo za kawaida na kuwaelekeza kwenye shotigani, kwa hoja kwamba slagi haifiki mbali. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa ajili ya Bunge la jimbo la Pennsylvania mwaka 2007 uliitia dosari hoja hiyo: slagi iliyopigwa sambamba na ardhi inaweza kudunda na kuendelea na safari ndefu. Katika ardhi kavu yenye mawe, kilima au ukingo wa udongo nyuma ya mnyama ni sharti. Swala aliyesimama kwenye upeo wa macho, nyuma yake mbingu tupu, haachiwi risasi.

Majaribio hufanywa kabla ya msimu, mahali panaporuhusiwa. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuchagua risasi tofauti, hivyo zijaribiwe aina mbili au tatu, mipigo mitatu kila moja, bunduki ikiwa imeegemezwa, kwa mita 50. Ile inayokusanya matundu karibu zaidi ndiyo ya kununua, na inunuliwe ya kutosha kutoka fungu moja la kiwandani. Kwa kuwa idadi ya risasi anazoruhusiwa mmiliki ina kikomo, zoezi hilo lipangiwe mapema.

Shabaha ni nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu. Mnyama akikimbia, mwindaji asubiri kabla ya kufuata damu, kwani anayefukuzwa huenda mbali zaidi. Kumfuatilia aliyejeruhiwa ni wajibu. Wakati wa kuchuna, nyama inayozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kutupwa, maana slagi laini huacha chembechembe za madini yenye sumu, hasa kwa watoto.

Slagi na marisaa zisiwekwe mfuko mmoja. Maganda yake mara nyingi hufanana kwa rangi na urefu, na mwanga wa alfajiri hautoshi kusoma maandishi yaliyo ubavuni.