Mkangazi wa Budongo na Meza ya Kuandikia ya Kampala

Fundi wa Kampala anayetaka kuunda meza ya kuandikia ya mtindo wa Kiingereza wa karne ya 18, yenye watoto wa meza kulia na kushoto na uso wa mbao zenye mawimbi, atapata karibu kila kitu Ndeeba. Gundi ipo, patasi zipo, mbao za mvule na mkangazi zimesimamishwa kando ya barabara. Atakachokosa ni vinia yenye maua: ule ubao mwembamba, wa nusu milimita hivi, unaobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Plaiwudi hutengenezwa nchini, lakini vinia nzuri, iliyokatwa karatasi baada ya karatasi kutoka gogo moja bila kuvuruga mfuatano wake, ni ya kuagiza nje. Kinachouma ni kwamba mti wenyewe mara nyingi ni wa jamii ileile inayomea Bunyoro.

Msitu wa Budongo, ulioko Bunyoro karibu na Masindi, una mkangazi, ambao Waganda huuita munyama, na una miyovu ya aina kadhaa, ukiwemo ule ambao soko la dunia huujua kwa jina la sapele. Nyuzi za sapele huzunguka shina zikiegemea upande mmoja kwa miaka kadhaa, kisha hugeuka na kuegemea upande wa pili. Gogo likipasuliwa kutoka moyo kuelekea gome, ubao hutoka na mistari ya giza na mwanga. Ushike dirishani, ugeuze kidogo: mstari uliokuwa mweusi unang'aa, na ule wa jirani unafifia. Kwenye panda, pale shina linapogawanyika, mkangazi hutoa umbo kama moto unaopanda, na ndilo waliloliwinda mafundi wa London baada ya Uingereza kufuta ushuru wa mbao za makoloni yake mwaka 1721. Wao waliletewa mbao kutoka Jamaika na Honduras.

Idara ya Misitu ya Uganda ilianza mwaka 1898, na Budongo ikatangazwa hifadhi mwaka 1932. Wakati huo msumeno wa kiwanda ulikwisha kuingia msituni tangu miaka ya 1920. W. J. Eggeling, ofisa wa misitu, alichapisha kitabu chake cha miti ya asili ya Uganda mwaka 1940, pamoja na majina ya kienyeji ya miti hiyo, na mwaka 1947 akatoa utafiti wa Budongo ambao wanaikolojia wanaurejea mpaka leo. Elimu ya mti, basi, ilikuwapo. Bahari ndiyo iliyokuwa mbali. Sapele ya Nigeria, mji uliotoa jina la mti huo, ulikuwa na mto wa magogo kuelea na bandari ya kuyapakia, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukapata kiwanda kikubwa cha plaiwudi na vinia. Kutoka Budongo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Gogo zima la tani kadhaa halikulipa kusafirishwa hivyo; likapasuliwa papo hapo kuwa mbao nene. Naamini umbali huo, kuliko uhaba wa ujuzi, ndio uliotunyima kisu cha vinia.

Mbao hizo nene zilikuwa na heshima yake. Ukumbi wa Bunge la Makabwela la Uingereza, uliobomolewa kwa mabomu Mei 1941, ulipofunguliwa upya Oktoba 1950, Uganda ilikuwa imechangia samani za ukumbi mmoja wa kupigia kura. Nyumbani msitu ulilipa bei kubwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 Idara ya Misitu iliua kwa sumu mikuyu na miti mingine iliyoonekana haina soko ili mkangazi upate mwanga. Mikuyu hiyo ndiyo iliyolisha sokwe.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka wengi waliomiliki viwanda vya mbao na karakana za samani. Wapasuaji wa shimo walijaza pengo: gogo juu ya shimo, mtu mmoja juu yake, mwenzake chini, vumbi machoni. Pale Sonso, kilipokuwa kiwanda cha Budongo, leo ni kituo cha watafiti wa sokwe, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Vernon Reynolds mwaka 1990. Sehemu kubwa ya mbao ngumu za Kampala sasa hutoka mashariki mwa Kongo. Na tangu mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, mikangazi ya Afrika imo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa, vinia ikiwemo.

Kwa hiyo siwezi kumshauri fundi akatafute gogo jipya. Ubao wa milimita 25 unaotengeneza uso wa meza moja ungetoa, kwa kisu cha kiwandani, karatasi zipatazo 50. Hata kwa msumeno wa mkanda, vinia ya milimita 2 kama waliyopasua mafundi wa kale kwa mkono ingetoka vipande sita au saba, sehemu nyingine ikiishia kuwa vumbi la msumeno. Ubao huo anaweza kuupata kwenye kabati au meza ya zamani iliyovunjika, iliyokwisha kukauka miongo mingi. Kwa wapasuaji wenye kibali, aulize panda: wao hulikwepa kwa kuwa mbao zake hupinda, na huishia kuni.

Akishapasua, aandike namba kwa chaki kwenye kila kipande kabla hakijatoka mezani, avipange kwa mfuatano huohuo na vijiti katikati, na aweke uzito juu. Akibandika upande wa juu, abandike na wa chini siku hiyohiyo, maana gundi ikikauka upande mmoja tu huvuta ubao ukajikunja.