Mguu wa Inyasi wa Loyola: Hatua za Kupona Mwilini na Moyoni



Wapendwa taifa la Mungu, wengi wetu tunapougua au kufikwa na msiba hutamani kupona kwa siku moja. Tukichelewa kupona, twadhani imani yetu ni haba, na wapo wanaotuambia hivyo. Juma hili napenda tutazame historia ya mtu ambaye uponyaji wake ulipitia hatua nyingi, tena si zote za kusonga mbele.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 huko Loyola, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alikuwa mtoto wa ukoo wa kikabaila, mpenda silaha na sifa. Tarehe 20 Mei 1521, alipokuwa akiitetea ngome ya Pamplona dhidi ya jeshi la Wafaransa, tufe la mzinga lilimvunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili. Wafaransa walimtendea kwa heshima. Walimtibu, kisha akarudishwa kwao akiwa amebebwa kwenye machela.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya mwili. Mifupa ilikuwa imeunganika vibaya, ikabidi ivunjwe upya na kuungwa tena, katika zama ambazo dawa ya ganzi haikuwapo. Hakulia, alikunja ngumi tu. Hali ikawa mbaya hata akapewa sakramenti za mwisho, lakini usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo akaanza kupata nafuu. Hata hivyo mfupa ulibaki umetokeza chini ya goti, na mguu ukawa mfupi. Kwa hiari yake akataka mfupa huo ukatwe, apate kuvaa buti za kubana kama ulivyokuwa mtindo wa mabwana wa ikulu. Mwili ulikuwa umeanza kupona, lakini moyo ulikuwa bado na majivuno yale yale.

Hatua ya pili ilianza pale kitandani. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, navyo havikupatikana. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo kilichoandikwa na Ludolf wa Saxony, na kingine cha habari za watakatifu. Saa nyingi aliwaza juu ya bibi mmoja wa cheo aliyetamani kumtumikia. Saa nyingine aliwaza kuwaiga Fransisko na Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza, ila baada ya lile la kwanza alibaki mkavu na mwenye uchovu, na baada ya la pili alibaki na furaha. Siku moja akaitambua tofauti hiyo. Ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho, kazi ambayo baadaye aliwafundisha wengine.

Hatua ya tatu yatushangaza, maana ni ya kurudi nyuma. Machi 1522 aliuweka upanga wake mbele ya Mama Bikira Maria huko Montserrat, kisha akakaa Manresa miezi mingi. Sasa jeraha la moyo lilifunguka. Aliungama mara kwa mara asipate amani. Alijitesa kwa mfungo, akaacha nywele na kucha zikue ovyo, na akajaribiwa hata kujiua. Alifunga juma zima bila kula, mpaka muungamishi wake alipomwamuru ale. Amani ilirudi polepole, naye akaanza tena kukata nywele na kucha. Lakini maumivu ya tumbo yalimfuata maisha yake yote. Alipofariki tarehe 31 Julai 1556, tabibu Realdo Colombo alikuta vijiwe vingi katika viungo vyake vya ndani.

Hatua ya nne ni ya kupatana na mwili. Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Baba Mtakatifu Paulo III mwaka 1548, Inyasi anamruhusu mtu asali akiwa amepiga magoti, amelala chini, ameketi au amesimama, na abaki katika mkao ule unaomsaidia. Anafundisha pia kuisali Baba Yetu kwa kulitafakari neno moja katika kila pumzi. Mwaka huo huo alimwandikia Fransisko Borgia apunguze mfungo na kuutunza mwili, kwa kuwa roho na mwili vyote ni vya Mungu.

Ndugu zangu, tusimharakishe mgonjwa, wala tusimwambie aliyefiwa anyamaze kwa kuwa arobaini imekwisha pita. Anayesali asiache dawa. Anayesumbuliwa na mawazo ya kujiua asifichwe ndani kwa aibu. Aletwe kwa padre, na apelekwe kwa daktari pia. Jioni, tunapotafiti dhamiri, tujiulize: ni jambo gani leo limeniacha na amani, na lipi limeniacha mkavu? Mwili wangu umechoka wapi?

Inyasi alichechemea hadi kufa kwake. Mungu hakuunyosha mguu ule, na kwa mguu ule ule alitembea mpaka Paris na Roma.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee. Amina.