Magadi Meusi na Mnato Wake

Mfasiri wa maandishi ya viwanda vya karatasi hukutana mapema na jina la Kiingereza ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, litampa "pombe nyeusi". Pombe haimo. Neno hilo lina asili ya Kilatini, ambamo lilimaanisha kimiminika tu. Maana ya kileo ilifuata baadaye. Waswidi na Wajerumani hukiita kitu hicho kwa majina yenye maana ya maji meusi ya magadi. Kwa maoni yetu "magadi meusi" ndilo jina lifaalo, kwani kila mpishi wetu ajua jinsi magadi yalainishavyo maharage.

Mnamo 1879, huko Danzig, mkemia Carl F. Dahl alianza kutumia salfeti ya sodiamu, iliyokuwa rahisi kuliko magadi ya kawaida, kufidia dawa zilizopotea katika upishi wa miti. Zilipatikana nyuzi imara sana. Lakini kila upishi huacha maji meusi yenye lignini na dawa, na kuyamwaga ni hasara, tena ni sumu kwa mito. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, G. H. Tomlinson wa Kanada alikamilisha tanuri linalonyunyiziwa magadi meusi, ambalo hutoa mvuke na kurejesha dawa kwa pamoja.

Hapo ndipo mnato ulipokuwa jambo kubwa. Magadi meusi hutoka kuoshwa yakiwa na yabisi ya asilimia 15 hivi. Ili yaungue vema, hapana budi yavukizwe hadi yabisi ifike asilimia 65 au zaidi. Kadiri yabisi izidivyo, mnato hupanda kwa kasi mno: pampu hulemewa, na matone huwa makubwa yasikauke upesi. Dawa ya kwanza ni joto. Ya pili ni kubakiza alkali ya kutosha ili lignini isijitenge. Baadaye wahandisi wa Finland walionyesha kuwa magadi yakipashwa hadi nyuzi 180 hivi, chini ya kanieneo, molekuli kubwa hukatika na mnato hupungua.

Sasa tuitazame lugha yetu. Twasema "uji mzito", na neno "uzito" hubeba kwa pamoja uzani, ukolezi na mnato. Jikoni halidhuru. Kiwandani, fundi akisoma "punguza uzito" aweza kuongeza maji. Chini ya tanuri mna chumvi zilizoyeyuka. Magadi yenye maji mengi yakizifikia, hutokea mlipuko. Ndiyo sababu taratibu za usalama za Marekani huzuia kuchoma magadi yenye yabisi chini ya asilimia 58. Mnato hupunguzwa kwa joto, ukolezi hauguswi.

Tangu Webuye, Kenya, na Mgololo, Tanzania, zipate viwanda vya karatasi katika miaka ya 1970 na 1980, jambo hili si la ugenini. Basi mfasiri aandike "ukolezi" kwa wingi wa yabisi, "mnato" kwa ukinzani wa kutiririka, na "uzito" auachie mizani. Neno la Kilatini lililowapa Wazungu istilahi yao ya mnato lilimaanisha pia ulimbo wa kunasia ndege. Nasi tumeitoa yetu katika kunata, haikuhitaji kuazimwa.