Idhini ya Bwana

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa Kisangani walipakia mchele na maharagwe melini, wakavipeleka Kinshasa, mwendo wa kilometa 1,700 hivi, wakahesabu faida wenyewe. Nasi tuliosikia kanisani habari za Lidia, mwuza nguo za zambarau, hatukustaajabu. La kustaajabisha ni sheria. Wabelgiji walituandikia kwamba mke asifunge mkataba bila idhini ya mumewe. Kwao waliiondoa mwaka 1958, nao Wafaransa 1965. Sisi, tena tukiwa huru, tuliiandika upya katika Sheria ya Familia ya 1987! Ikafutwa Julai 2016. Kwa miaka 29 mama mwenye magunia mia ghalani, akitaka kuajiriwa, ilimpasa kwanza amwulize bwana wake.